Panya wa Ukuta wa Esta

Juzi mzee mmoja alileta maziwa yake kwenye kituo chetu cha kupokea maziwa, Bwizibwera. Akafungua kifuniko cha dumu, nami kabla sijainama vizuri nikarudi nyuma. Maziwa yalikuwa mazito, hayajachacha, hayajatiwa maji. Lakini ndani yake, kwa mbali, mlikuwa na panya. Si panya mwenyewe, la, ni harufu yake, ile ya uozo yenye utamu fulani wa kichefuchefu, ambayo ukishaishi nayo nyumbani mwenu huisahau maisha. Mzee akaapa kwamba dumu limeoshwa kwa maji ya moto. Nikamwambia, dumu halina kosa, mzee wangu, kaangalie chumba unamolaza maziwa. Kesho yake alirudi akicheka kwa aibu. Alimkuta panya nyuma ya gunia la mahindi, amekwisha kufura.

Wenzangu walicheka sana. Mimi nilicheka kidogo tu, maana panya wangu mimi alinihamisha nyumbani kwa mama yangu, na nikimkumbuka, kinachonijia kwanza si harufu. Ni wivu. Hebu niwasimulie, mradi msinihukumu kabla sijamaliza.

Tulikuwa tunaishi kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, upande wa Juru, Mama, mdogo wangu Esta na mimi. Tulitoka milima ya Kivu ya Kusini nikiwa mdogo wa kubebwa, na Baba alifariki kabla sijaijua sauti yake sawasawa. Nyumba yetu ilikuwa ya miti na udongo, bati kiasi na turubai kiasi, na nyuma yake palikuwa na zizi la ng'ombe wawili ambao Mama aliwapata kwa kuhangaika miaka mingi. Tulilima maharage na mahindi, tukauza maziwa kidogo kwa majirani. Hatukuwa matajiri, lakini hatukuomba chumvi kwa mtu.

Na Esta alikuwa mzuri. Hapo ndipo penye shida yangu yote. Alikuwa na vishimo mashavuni, shingo ndefu, na sauti ambayo kanisani, watoto wa shule ya Jumapili wakiimba, wamama waligeuka kumtafuta kwa macho. Mimi nilikuwa na pua. Ndiyo, pua. Kubwa, na yenye kazi: niliweza kunusa kibuyu cha maziwa nikakuambia kama kimefukizwa moshi jana au juzi, na kama aliyekiosha alikuwa na haraka. Niambieni, nani anageuka kanisani kutafuta pua?

Mama alifanya mambo kuwa mabaya zaidi. Kila mgeni alipoingia, alimvuta Esta mbele kwa bega. "Muone Esta wangu. Muone meno. Huyu anaimba, huyu anachora, huyu hana kelele." Mgeni akiuliza, na huyu mkubwa je, Mama alitikisa mkono kama anayefukuza nzi. "Aa, huyu ni wa bure tu. Muache."

Wa bure tu! Mimi niliyeamka kabla ya jogoo kukamua! Mimi niliyefukiza vibuyu, niliyepalilia maharage, niliyebeba madumu ya maji mpaka nywele za utosini zikakatika! Mafuta ya ng'ombe ya kujipaka, Esta alipakwa mwili mzima mpaka aking'aa, mimi nikapata yaliyobaki kwenye viganja vya Mama. Nilikuwa na wivu, jamani. Sisemi wivu wa kutamani kitenge cha jirani, ule unapita. Nasema wivu wa kuangalia mtu amelala usingizi na ukakasirika kwa jinsi anavyopumua. Kitu kimoja tu nilikipata mimi, Esta hakukipata: alfajiri, tukiwa wawili zizini, Mama alinipa povu la kwanza la maziwa ninywe lingali moto, bila kusema neno. Nililihesabu kuwa ni malipo ya kazi, kama vile unavyompa punda majani.

Basi mwaka niliokuwa darasa la tano, zikaja habari kwamba Shangazi anakuja. Shangazi, dada yake Baba, aliolewa na mwanajeshi Mganda na alikaa Mbarara, katika kambi ya Makenke. Hakujaliwa mtoto. Yeye ndiye aliyetutumia sare za shule na sabuni, na sasa alituma mtu aseme kwamba anakuja kuchukua msichana mmoja akakae naye, asome mjini. Hakuomba. Kwetu watoto ni wa ukoo wa baba, na dada wa baba akinyoosha mkono, mjane hana la kusema.

Nani angechukuliwa? Hata ng'ombe walijua. Esta. Mama mwenyewe alisema waziwazi kwamba ni Esta, akaanza kumfundisha jinsi ya kumsalimu Shangazi kwa magoti. Nami nikakonda kwa wivu. Usiku niliota Mbarara, taa za umeme, viatu vyeusi vyenye mkanda, na katika ndoto viatu vile havikunitosha.

Nyumba ilibidi itengenezwe. Msimu ule tulikuwa tumevuna maharage mengi na panya walijaa ndani kama wamealikwa, wakachimba kuta mpaka ukilala unasikia wanahamisha vyombo. Mama akanunua dawa ya panya kwa mchuuzi wa gulioni, akaitia kwenye matundu. Kesho yake, bila kungoja, tukakanda udongo na kinyesi cha ng'ombe, tukaziba kila tundu na kusiriba ukuta mzima wa sebuleni. Nilikanda mimi. Udongo ulipokauka, Esta alipewa udongo mweupe na kitambaa, akachora ukutani mistari ya kupindapinda, nyota, na pembe za ng'ombe zilizopishana. Ulikuwa mzuri ule ukuta, siwezi kusema uongo. Majirani walikuja kuuona. Vilivyosifiwa ni vidole vya Esta. Aliyekanda matope hakutajwa.

Mnaona kosa letu? Tulilisha panya sumu, halafu tukawazika ndani ya nyumba tunamolala.

Harufu ilianza taratibu. Siku ya kwanza Mama alisema ni soksi zangu, nami sikuwa na soksi. Siku iliyofuata alisema ni ngozi ya ng'ombe tuliyokalia, tukaitoa nje. Kisha hapakuwa tena na cha kusingizia. Ilikuwa harufu nzito, inayokaa kwenye kope za macho, inayokuingia mdomoni ukitaka kuongea. Iliingia kwenye blanketi, kwenye unga, kwenye nguo za Jumapili. Tulitafuta chini ya vitanda, ndani ya magunia, juu chini ya turubai. Hapana kitu. Ukuta wa miti una uwazi katikati, harufu inapanda ndani kwa ndani na kutokea juu kabisa, mbali na mzoga, kwa hiyo sote tulikuwa tunanusa mahali ambapo panya hayupo.

Jirani yetu, Mama Naomi, alikuja na maarifa yake. Alituambia tuweke mkaa kwenye sinia kila pembe, tukaweka. Tumwage majivu, tukamwaga. Tuchemshe majani ya mkaratusi, tukachemsha mpaka macho yakatutoka machozi. Tukachoma maganda ya kahawa, na nyumba ikanuka panya anayekunywa kahawa. Mwisho Mama akafanya jambo ambalo ni mtu wa ng'ombe tu angelifanya: alichukua chungu cha kufukizia vibuyu, akakijaza ile miti yenye harufu nzuri tunayotumia kwa maziwa, akafunga mlango na madirisha, akaifukiza nyumba nzima kama kibuyu. Moshi ulitoka hata kwenye matundu ya misumari ya bati. Mama Naomi alipiga kelele akidhani tunaungua. Tulipofungua, kwa muda kidogo nyumba ilinukia vizuri sana, tukashikana mikono kwa furaha. Halafu moshi ukatulia, na panya akarudi, safari hii amejipaka manukato.

Mimi nilikuwa nimeshajua. Nilifumba macho, nikafungua mdomo kidogo, kama ninavyonusa kibuyu, nikaenda na harufu kutoka juu kwenda chini, mpaka nikafika kwenye nyota kubwa aliyoichora Esta. Pale udongo ulikuwa na unyevu, na nzi wawili walikuwa wametua juu ya ukuta usio na chakula. Nikamwambia Mama, iko hapa.

Mama aliangalia nyota ile, akaniangalia mimi. "Toka fasi hiyo. Usinusenuse kama imbwa. Shangazi yako atafika siku ya Mungu, weye unataka kubomoa ukuta?"

Nilidhani anaulinda ukuta wa Esta. Nikaenda zizini nikalia kwa hasira, nikamwambia ng'ombe kila kitu.

Shangazi hakungoja Jumapili. Alifika Jumamosi mchana, kwenye gari la mizigo lililokuja kuchukua maharage, amejifunga kitenge kipya, ana viatu vya kisigino vilivyozama kwenye vumbi letu jekundu. Alikuwa mnene, mcheshi, sauti yake kubwa ya kambini. Esta akapiga magoti. Mama akaanza, "Muone Esta wangu, muone ukuta alichora yeye mwenyewe." Shangazi akausifu ukuta, lakini niliona pua yake inacheza. Yeye pia alikuwa na pua. Kumbe pua ile ni ya ukoo, sikuwa nimelijua hilo.

Mama akamletea maziwa. Kwetu mgeni kama yule humpi chai, unampa maziwa ya kibuyu, na ndiyo heshima yako yote iko mle. Shangazi akapiga funda moja. Akaweka kikombe chini polepole, akafuta midomo kwa upande wa kiganja. Maziwa yalikuwa yamenyonya panya. Mama alitazama sakafu, na shingo yake, ninaiona hata sasa, ikalegea. Katika maisha yetu yote ya ukimbizi sikuwahi kumwona Mama ameaibika hivyo.

Nikasimama. Sijui kama nilisimama kwa ajili yake au kwa ajili yangu. Mtoto mwenye wivu hana mizani ya kupimia mambo hayo.

"Riziki," Mama akasema haraka, "uende kuchota mayi."

"Mayi iko, Mama. Mapipa yamejaa."

"Nimesema uende kuchota mayi!"

Sikwenda. Nilichukua jembe dogo nyuma ya mlango, nikasogea kwenye ukuta, nikalipiga katikati ya ile nyota. Esta alipiga yowe kama nimempiga yeye. Nikapiga tena, pembe za ng'ombe zikaanguka, na nisiwafiche, nilisikia raha. Udongo ulitoka vipandevipande, kisha hewa ikatoka, jamani, hewa ile! Shangazi alikimbia mlangoni ameziba pua na kitenge. Nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, nikamtoa panya mkubwa kwa mkia, halafu wa pili, halafu kiota kizima. Nikasimama katikati ya nyumba, nimewashika juu, nacheka.

Shangazi alianza kucheka kule mlangoni. Alicheka mpaka akakaa kwenye kizingiti. "Yesu wangu! Huyu mutoto iko na pua ya imbwa ya polisi! Na hana woga! Watu wakubwa wote wamekaa na uvundo, huyu mudogo anasimama anaumaliza!" Akanikazia macho, uso wake ukatulia. "Ni yake kaka yangu kabisa. Pua hii ni ya kaka yangu. Huyu ndiye nitaenda naye."

Moyo wangu uliruka. Hatimaye! Nikamgeukia Mama nione amefurahi namna gani.

Mama alikuwa amesimama wima. "Huyu hapana, wifi," alisema. "Huyu atakusumbua. Huyu ni muvivu."

Mimi?

"Anaiba sukari. Ana kichwa nguvu, umeona mwenyewe, nimemutuma mayi amekataa. Hata shule hashiki kitu." Kisha akameza mate, akaongeza, "Na anakojoa kitandani."

Mbele ya Shangazi! Mbele ya Mama Naomi, aliyekuwa ameshafika mlangoni kutazama! Sikuwa nimekojoa kitandani tangu nijue kuongea, na Mama alijua, maana mimi naye tulilalia kitanda kimoja. Nilihisi uso wangu unaungua. Nikamwona Esta amefunga mdomo kwa viganja, nikajua, au nilidhani nimejua, kwamba Mama yuko tayari hata kunichafua jina ili Esta wake aende mjini.

"Tutamutandikia nailoni," akasema Shangazi. "Godoro ni ya serikali."

Siku ile na asubuhi ya kesho yake tuliitibu nyumba. Udongo wote wa pale tuliutupa mbali, miti ya ndani tukaikwangua, tukaisugua kwa majivu na maji moto, tukaacha milango wazi upepo upite, ndipo tukasiriba upya kwa kinyesi kibichi cha ng'ombe. Ikapona. Mama alifanya kazi bila kuniangalia. Gari lilipokuja, Shangazi alimwambia anisindikize hadi barabarani. Mama alikuwa zizini, na siyo saa ya kukamua. Alijibu bila kugeuka, "Aende tu. Kwangu hana faida."

Nililia kutoka Juru mpaka Mbarara, juu ya magunia ya maharage. Shangazi alidhani nalilia nyumbani. Nilikuwa nalia kwa hasira.

Makenke sikuteswa, niseme haki. Shangazi alinipenda kwa kelele zake, nikasoma, nikavaa viatu vyenye mkanda. Lakini wivu haukunitoka, uligeuka tu upande. Sasa niliamka alfajiri kwenye kitanda cha chuma, nikawaza kwamba wakati huohuo Esta yuko zizini, na povu anakunywa yeye. Mji wote wa Mbarara ningeutoa kwa povu lile.

Likizo nilirudi Juru, na mambo yalinichanganya. Mama sasa alinisifu mimi! Mgeni akiingia, ananivuta kwa bega, "Muone Riziki wangu, anasoma mujini, muone anavyosimama." Na Esta? "Aa, huyu wa bure tu, muvivu, hashiki kitu." Esta alinuna. Nami, mpumbavu mkubwa, nilifurahi. Nilisema moyoni, ameiona sasa thamani yangu. Mpaka leo Esta, mwenye watoto wake, hunitania kwamba mimi ndiye niliyependwa, ndiyo maana nikachaguliwa. Huwa namwacha aseme.

Sasa sikieni. Miezi michache iliyopita nilikwenda kwa mfugaji mmoja karibu na hapa Bwizibwera, tujadiliane juu ya maziwa yake. Nikakuta mnunuzi wa ng'ombe amefika. Mfugaji alimwonyesha ng'ombe wa mbele, amepigwa brashi, pembe zinang'aa, akamsifu mpaka mimi nikatamani kumnunua. Mnunuzi akanyoosha kidole nyuma ya zizi, kwa ng'ombe mmoja aliyejaa matope. "Na yule?" Yule mfugaji akatikisa mkono kama anayefukuza nzi. "Yule? Yule hana faida. Anapiga teke. Maziwa yake kidogo, tena mgonjwa."

Mnunuzi alipoondoka na ng'ombe wake, mfugaji akaenda nyuma, akamfuta yule wa matope kwenye macho kwa kiganja chake, polepole, akimsemesha. Nikamuuliza, huyu si mgonjwa? Akaniangalia kama anayemwangalia mtu asiye na akili. "Huyu ndiye zizi langu lote. Wewe ng'ombe unayempenda, utamsifu mbele ya mwenye kuchukua?"

Niliondoka pale bila kujadiliana maziwa. Nilikaa kwenye jiwe pembeni ya barabara ya Ibanda, nikampigia Mama simu. Alipokea kwa kupiga kelele, kama anavyofanya siku zote, akidhani umbali unashindwa kwa sauti. Sikumsalimu vizuri. Nilimuuliza, "Mama, siku ile ya panya, mbona ulimwambia Shangazi kwamba nakojoa kitandani?"

Nilisikia ng'ombe wake, nikasikia mtu anapita na baiskeli.

"Nilikuwa nakuficha," alisema, na sauti haikuwa kubwa tena. "Nilikuficha miaka yote ile, mutoto wangu. Na weye ukasimama katikati ya nyumba, unajionyesha."